Kamisheni sifuri, makato tele

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefika Deira, upande wa kale wa Dubai, kununua simu na vipuri vyake. Mzigo umeshafungwa na bei imeshapatanwa: dirham 3,672.50. Anatoa kadi ya akaunti yake ya dola, muuzaji anaichomeka kwenye mashine, na kabla hajaombwa namba ya siri, kioo kidogo kinaonesha mistari miwili. Wa kwanza ni zile dirham 3,672.50. Wa pili ni dola 1,040. Achague mmoja.

Wengi huchagua dola. Ndiyo fedha iliyomo kwenye akaunti, na kuiona pale pale kunaondoa wasiwasi wa meseji ya benki itakayoingia baadaye na kiasi asichokitarajia. Mara nyingine mteja hachagui hata kidogo, muuzaji ameshambonyezea.

Dola 40 zimeondoka hapo hapo. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango kimoja, dirham 3.6725 kwa dola, kwa hiyo mzigo ule thamani yake ni dola 1,000 kamili. Hakuna soko lililopanda asubuhi hiyo wala sarafu iliyoyumba. Mashine imetumia kiwango chake yenyewe, dirham 3.53 kwa dola, na tofauti inayopatikana huenda kwa kampuni inayoendesha ubadilishaji huo, ambayo hugawana na benki ya mwenye duka na mara nyingi na mwenye duka mwenyewe. Ndiyo maana muuzaji ana haraka ya kubonyeza.

Na hilo la asilimia 4 ni la wastani. Mwaka 2017, BEUC, shirikisho la vyama vya kutetea watumiaji barani Ulaya, lilieleza kwamba nyongeza ya namna hii ilikuwa kati ya asilimia 2.6 na 12. Kinachoifanya ipite bila kelele ni jinsi inavyoandikwa. Mtu aliyechoka na mizunguko ya sokoni akisoma 3.53 badala ya 3.67 haoni kitu cha kushtua. Ni senti chache tu. Angeandikiwa "umeongezewa asilimia 4" angerudisha kadi mfukoni. Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Kanuni yake ya mwaka 2019, iliyoanza kubana sehemu hii Aprili 2020, inamtaka anayempa mteja chaguo hilo amwoneshe nyongeza kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha siku cha Benki Kuu ya Ulaya. Inahusu sarafu za nchi za Umoja huo tu. Mzigo wa Deira haumo.

Lakini mtu hahitaji kupanda ndege ili akatwe. Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Uingereza, na waliokatwa walikuwa bado hawajatoka nyumbani kwao.

Mtu wa kule akijiandaa kwa likizo huenda kwenye duka la kubadilishia fedha kununua yuro. Dirishani kuna bango: kamisheni asilimia 0. Analipa kwa kadi ya benki yake ya kawaida, kwa pauni, katika nchi yake mwenyewe. Kwa akili ya kawaida ni sawa na kununua mkate. Siku chache baadaye, kwenye taarifa ya akaunti, anakuta benki imemkata ada ya asilimia 1.5 au 2 ya alichonunua. Duka halikumwambia, kwa sababu ada si yake. Benki haikumwambia, kwa sababu haikuwapo dirishani. Aliyelipia kwa kadi ya mkopo aliumia zaidi: ada kubwa kuliko hiyo, na riba iliyoanza kuhesabiwa siku ile ile, bila zile wiki za nafuu anazopewa mtu aliyenunua viatu kwa kadi hiyo hiyo.

Chanzo ni namba nne. Kila duka linalopokea kadi husajiliwa kwa namba inayoeleza aina ya biashara yake, na maduka ya fedha za kigeni huangukia kwenye 6051, kundi moja na hawala za malipo na hundi za wasafiri. Kompyuta ya benki ikiona 6051 haioni mteja aliyenunua bidhaa. Inaona mtu aliyechota fedha taslimu, na kwenye fedha taslimu masharti ni mengine. Mteja hajui kama namba hiyo ipo, na hakuna mahali popote dirishani ilipobandikwa.

Septemba 2011 shirika la kutetea watumiaji, Consumer Focus, lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka iliyokuwa ikisimamia biashara ya haki nchini humo. Sheria ya mwaka 2002 inayapa mashirika ya namna hiyo haki maalumu: shirika likilalamika, mamlaka haina budi kujibu ndani ya siku 90. Jibu lilitoka Desemba. Benki kadhaa kubwa zilikubali kuacha kumkata mteja anayenunua fedha za kigeni ndani ya nchi kwa kadi ya kawaida. Siku 90 zilitosha kumaliza kitu kilichokuwa kikichukuliwa kuwa ndivyo mambo yalivyo.

Hilo bango la asilimia 0 nalo linastahili kusomwa vizuri, maana lipo kwenye madirisha ya nchi nyingi. Duka la fedha hununua dola kwa bei moja na kuiuza kwa bei ya juu zaidi. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo pato lake. Duka linaweza kufuta kamisheni na kupanua pengo, na mteja akalipa zaidi ya alivyolipa kamisheni ilipokuwapo. Biashara ile haina hila kwa maumbile yake, maana mwenye duka naye ana pango na mishahara ya kulipa. Tatizo ni neno "sifuri" kuwekwa juu ya kitu chenye bei.

Mahakama za Marekani zilifika hapo hapo kwa njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi Visa na Mastercard walikuwa wakiongeza asilimia 1 ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha kila Mmarekani alipotumia kadi nje ya nchi, na benki zikiongeza yao juu yake. Mwaka 2003 jaji wa California aliziamuru kampuni hizo kurudisha takribani dola milioni 800. Kutoza asilimia 1 hakukuwa kosa; kosa lilikuwa kutoisema. Hukumu hiyo ilitenguliwa kwenye rufaa mwaka 2005, kwa sababu aliyefungua kesi hakuwa yeye mwenyewe aliyekatwa na sheria ya jimbo ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia. Kesi nyingine, ya shirikisho, iliisha kwa suluhu ya dola milioni 336 kwa waliotumia kadi zao nje kati ya 1996 na 2006. Tangu hapo taarifa nyingi za kadi Marekani huonesha ada ya kutumia kadi nje kwenye mstari wake peke yake, mahali macho yanapofika.

Kwa mwenye akaunti ya shilingi, hesabu ina tabaka moja zaidi. Malipo ya dirham, lira au yuan kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa dola, kisha dola zinageuzwa kuwa shilingi kwa bei ya benki ya kuuzia. Tuseme siku hiyo bei ya katikati ya dola ni shilingi 2,550, na benki inauza kwa 2,600. Malipo ya dola 1,000 yanapaswa kuwa shilingi 2,550,000. Bei ya kuuzia inaongeza 50,000. Benki ikiwa na ada ya asilimia 3 kwa matumizi ya nje, hiyo ni 78,000 nyingine. Juu ya ada kuna VAT ya asilimia 18, ambayo nchini Tanzania imekuwa ikitozwa kwenye ada za benki tangu Julai 2016: shilingi 14,040. Jumla ya nyongeza ni shilingi 142,040, karibu asilimia 5.6 ya bei ya mzigo. Kwenye simu huingia meseji yenye tarakimu moja tu, iliyojumlisha kila kitu. Ile 50,000 haitaonekana kwenye mstari wowote wa makato, kwa kuwa haiitwi makato. Inaitwa kiwango.

Mzazi anayelipia ada ya maombi ya chuo cha nje akiwa sebuleni kwake Mbagala hupita njia hiyo hiyo, na anayelipia filamu za mtandaoni kila mwezi vilevile. Wapo hata wanaochagua kulipa kwa shilingi kwenye tovuti ya nje, wakidhani wameikwepa ada, kisha wanakatwa tena kwa sababu benki inaangalia muuzaji yuko wapi kabla ya kuangalia sarafu.

Kurudishiwa fedha ndiko kunakowachanganya watu zaidi. Hoteli imefuta chumba, imerudisha dola 200 zile zile, lakini kwenye akaunti zimeingia shilingi pungufu. Zilitoka kwa bei ya kuuzia, zimerudi kwa bei ya kununulia, na ada iliyokatwa mwanzo mara nyingi hairudi. Mteja hupiga simu benki akidhani ameibiwa, na mhudumu humjibu kwa upole kwamba hakuna kosa lililoonekana kwenye mfumo.

Nyenzo za kujua mapema zipo, na hazina gharama. Benki Kuu ya Tanzania hutoa kwenye tovuti yake kila siku ya kazi bei ya kununua, ya kuuza na ya katikati kwa sarafu kuu, na Benki Kuu ya Kenya nayo hutangaza viwango vyake. Visa na Mastercard wana vikokotoo vya wazi mtandaoni ambamo mtu huingiza tarehe, sarafu na ada ya benki yake. Kinachobaki ni kuijua hiyo ada. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki ziweke ada zake wazi kwa mteja, kwa hiyo anayekwenda kaunta kuuliza haombi hisani. Maswali ni matatu: mnakata asilimia ngapi kadi ikitumika nje, mnatumia kiwango gani cha kubadilisha, na nikinunua fedha za kigeni kwa kadi mnaihesabu kama manunuzi au kama fedha taslimu? Aombe jibu la maandishi, au karatasi ya orodha ya ada yenyewe.

Na kule Deira, kanuni za Visa na Mastercard zinasema mwenye kadi ndiye anayechagua sarafu. Muuzaji haruhusiwi kumchagulia. Risiti inayotoka kwenye mashine huandikwa kiwango kilichotumika, kwa herufi ndogo chini ya jumla, karibu na sentensi inayodai kwamba mteja alipewa chaguo na akakubali. Anayeiona sentensi hiyo ilhali hakuulizwa chochote asisaini. Akiwa bado dukani, mzigo ukiwa bado juu ya meza, aombe malipo yafutwe na kadi ichomekwe upya, kwa dirham.