Kisima Hujua Kabla ya Mwenye Sheli

Kila asubuhi, kabla pampu hazijafunguliwa, mhudumu wa sheli hufunua kifuniko cha chuma sakafuni, akazamisha kijiti kirefu chenye alama mpaka kiguse chini ya tangi, akakitoa na kusoma palipolowa. Anachoandika daftarini hulinganishwa na mauzo ya jana. Zikipungua lita chache, sababu hazikosekani: joto limegeuza mafuta mvuke, lori lilileta pungufu, pampu imezidisha. Kwa siku mbili tatu hayo hayana neno. Upungufu ukiendelea miezi sita, mafuta yamekwenda mahali, na mahali penyewe huenda ni udongoni.

Matangi ya zamani ni chuma kitupu kilichozikwa. Udongo wenye unyevu, na zaidi wenye chumvi kama wa pwani, hukila polepole. Kutu hailili tangi lote kwa pamoja. Huchagua doa moja na kulitoboa. Mara nyingine tangi lenyewe ni zima, ila maungio ya mabomba yamelegea, au lori limejaza kupita kiasi.

Petroli ikitoka hushuka. Kwenye mchanga hukimbia, kwenye mfinyanzi huchelewa ikitafuta nyufa. Sehemu yake hunasa kati ya chembe za udongo na kuendelea kuuchafua kwa miaka. Ikiyafikia maji ya chini huelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Kibaya zaidi ni kile kisichoelea: benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu, huyeyuka majini na kusafiri nayo kuelekea visimani. Mvuke nao hupanda na kuingia vyumbani kupitia nyufa za sakafu.

Mji wa Santa Monica, jimboni California nchini Marekani, ulipatwa na haya mwaka 1996. Wakati ule petroli ilichanganywa na kemikali iitwayo MTBE ili iungue vizuri na kupunguza uchafu wa moshi wa magari. Nia ilikuwa hewa safi. Lakini MTBE huyeyuka majini upesi, udongo hauishiki, vijidudu huila kwa shida, na kiasi kidogo mno chatosha kuyafanya maji yanuke kama tapentaini. Ilivuja kutoka kwenye matangi na mabomba ya chini ya ardhi ikafika visima vya mji. Visima vilivyokuwa vikitoa karibu nusu ya maji ya Santa Monica vikafungwa, mji ukawa unanunua maji ya mbali. California iliipiga marufuku kemikali hiyo kufikia mwisho wa 2003. Mtambo wa kusafisha maji ya visima hivyo ulipoanza kazi, miaka kama 14 ilikuwa imepita.

Wamarekani wamerekodi mivujo ya namna hii zaidi ya 500,000 tangu miaka ya 1980. Mwaka 1986 waliunda mfuko maalumu wa kusafisha mivujo hiyo, unaochangiwa kwa moja ya kumi ya senti katika kila galoni ya mafuta. Sisi Tanzania hulipa tozo ya barabara kila tunapojaza mafuta. Sioni kwa nini udongo ulio chini ya sheli usiwe na fungu lake.

Na tusidhani haya ni ya mbali. Mei 2015, wakazi wa Thange katika Kaunti ya Makueni, Kenya, waliona mafuta kwenye mto wao. Hapo halikuwa tangi bali bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lakini udongo hautofautishi. Mahakama ilipoamuru mwaka 2025 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 3.8, mtoto aliyezaliwa mwaka wa mvujo alikuwa na miaka kumi.

Dar es Salaam napita mitaa ambayo sheli na nyumba yenye kisima vimetenganishwa na ukuta wa matofali tu. Daftari la kijiti hukaa ofisini kwa meneja, jirani halioni. Naomba kabla ya tangi jipya kuzikwa, visima vya jirani vipimwe na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ili siku maji yakianza kunuka, mama anayeteka asije akaambiwa kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani.