Surcouf Hakuzika Dhahabu

Kila nikigusia meli za Kifaransa zilizowinda biashara ya Waingereza katika Bahari ya Hindi, swali huwa ni lile lile: Robert Surcouf alizika wapi dhahabu yake?

Hakuzika. Anayetajwa kwenye ngano za hazina ni haramia Olivier Levasseur, aliyenyongwa Réunion mwaka 1730. Surcouf alizaliwa Saint-Malo mwaka 1773. Anayewachanganya hajajua hata kazi ya Surcouf ilikuwa ipi.

Kazi hiyo ilihitaji hati ya serikali ya kuteka meli za adui. Mwaka 1795 gavana wa Isle de France, yaani Mauritius, alimnyima hati hiyo. Surcouf akatoka na meli Émilie kama mtafuta chakula cha koloni, kisha akateka meli za Kiingereza Ghuba ya Bengal, ikiwamo Triton, Januari 1796. Aliporudi Port Louis, ngawira yote ilichukuliwa na serikali ya koloni kwa sababu hakuwa na hati. Ikambidi asafiri hadi Paris kudai haki yake. Haramia gani hupeleka madai serikalini?

Na azike nini? Meli ya biashara ilibeba magunia ya mchele, sukari, majora ya vitambaa. Ilipotekwa iliwekewa mabaharia wachache, ikapelekwa bandarini, hati zake zikakaguliwa na mahakama, ndipo ikapigwa mnada pamoja na shehena. Kwa desturi ya Kifaransa, theluthi mbili za mapato halisi zilikwenda kwa wenye mtaji walioiandaa safari, theluthi moja kwa nahodha na mabaharia. Kila gunia lilikuwa na mdai wake. Nahodha aliyeficha mali angeshtakiwa kwanza na watu wake mwenyewe. Wanaouza ramani za hazina ya Surcouf wanawaibia watu, nami nimechoka kulisema kwa upole.

Ushujaa haukukosekana. Tarehe 7 Oktoba 1800 Confiance, meli ya Surcouf yenye watu wasiofika 200, iliivamia meli ya Waingereza Kent, iliyobeba watu zaidi ya 400, wakiwamo manusura wa meli Queen iliyoungua Brazili. Surcouf alijua hawezi kushindana nayo kwa mizinga. Aliisogelea ubavuni, watu wake wakairukia. Mwaka uliofuata Confiance ilirudi Ufaransa na bidhaa. Mwaka 1805 Waingereza waliiteka meli hiyo huko Muros, Hispania, na mwaka 1809 ikawasaidia kuitwaa Cayenne, koloni la Ufaransa.

Unayetaka ukweli, anza na majalada ya mahakama ya ngawira yaliyohifadhiwa Kew, London. Yana barua na hati za meli zilizotekwa. Kisha hifadhi za jeshi la majini la Ufaransa, halafu Hifadhi ya Taifa ya Mauritius. Kama Kifaransa kinakushinda, soma matoleo ya zamani ya Lloyd's List, yaliyochapisha habari za meli zilizotekwa.