Waliochanja kimya kimya

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam kama alichanja chanjo ya korona, usishangae akikurudishia swali: "Kwani wewe ulichanja?" Anataka kwanza ajue amekaa na nani. Ukisema ndiyo, naye atalegea na kukusimulia mkono ulivyouma. Ukisema hapana, atacheka, ataguna, na mazungumzo yatahamia kwenye mpira.

Wazee wetu waliochanjwa ndui hawakuwa na cha kuficha; kovu lilikaa begani maisha yao yote. Kadi ya kliniki ya mtoto huhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mama huionyesha kwa fahari. Chanjo ya UVIKO-19 ndiyo ya kwanza ninayoikumbuka ambayo watu wazima, wenye akili zao na wake au waume zao, waliiendea kwa kuibia, kisha wakateremsha mkono wa shati na kunyamaza. Ukimya huo haukuja bure, na ulikuwa na gharama ambayo bado tunailipa.

Chanzo chake ni kalenda. Kufikia Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza takwimu ambazo zilikuja kuwa za mwisho kwa zaidi ya mwaka mzima: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo tukawa na msamiati mwingine. Watu walifariki kwa "changamoto ya upumuaji". Majumbani tulipiga nyungu: mchaichai, majani ya mwarobaini, malimau, blanketi kichwani, jasho chirizi. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo wa kutengeneza chanjo wangekwishapata ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mwanzoni mwa Februari Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alisema nchi haina mpango wa kupokea chanjo, akahimiza tangawizi, vitunguu na ndimu. Februari 17 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona. Machi 17 akafariki Rais mwenyewe; taifa likaambiwa ni moyo.

Julai 24 mwaka huohuo ndege ilitua Uwanja wa Julius Nyerere na dozi 1,058,400 za Janssen, msaada wa Marekani kupitia mpango wa COVAX. Miongoni mwa waliosimama uwanjani kuipokea ni waziri yuleyule. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera.

Kutoka "hatuna mpango" hadi "njooni mchanje" haikufika miezi sita. Serikali inaweza kugeuka kwa tamko moja. Mwananchi aliyekuwa amesimama kijiweni Februari akiapa kwamba hatakubali sindano ya mabeberu hana tamko la kugeukia. Ana majirani wenye kumbukumbu. Basi wengi walichagua njia isiyo na aibu: walikwenda, wakachanja, hawakumwambia mtu.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Anaendesha bajaji, na abiria wake wa kila siku ni wauza samaki wa Feri ambao mwaka ule mzima walikuwa na maoni makali kuhusu chanjo. Alichanja kwenye kituo cha afya kilicho mbali na anakoegesha, akamwambia dada bega linamuuma kwa sababu ya usukani. Dada alimkanda kwa maji ya moto, hakuuliza. Hakuuliza kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwishachanja kazini wiki iliyotangulia, naye alikuwa akiogopa kikundi chake cha maombi kisijue. Waligundua wote wawili kwa mpigo, kadi mbili zilipokutana kwenye bahasha ya hati za bima. Walicheka hadi watoto wakaamka. Hata hivyo walikubaliana: habari isitoke nje ya geti.

Mimi nilichanja Agosti, zahanati ikiwa na foleni fupi ya watu wanaotazama simu zao. Kabla ya sindano ilikuja fomu ya ridhaa ya kusaini. Karatasi ile iliwarudisha nyumbani watu wengi kuliko mahubiri. Hospitali zetu humpa mtu fomu ya kusaini anapokwenda kupasuliwa. Chanjo za watoto wachanga hazina sahihi. Mzee mmoja mbele yangu aliisoma mara mbili, akauliza kwa upole kama kitu ni salama sahihi ni ya nini. Muuguzi hakumpa hotuba. Alifungua kifungo cha sare yake, akamwonyesha plasta ndogo begani mwake, akasema, "Mimi nilisaini ileile, baba." Mzee akasaini.

Tukakaa kwenye benchi dakika kumi na tano za kuangaliwa. Usiku homa ilinipanda, meno yakagongana, viungo vikauma kama nimebeba magunia ya simenti. Nilimeza Panadol, nikalala. Kufikia mchana wa siku ya pili nilikuwa nakula ugali. Ni hali ya kawaida: kinga ya mwili ikikutana na kitu kigeni huamka, na homa hiyo ndiyo kelele za kuamka kwake. Kazini kwetu wiki zile kulikuwa na ugonjwa wa ajabu wa malaria za siku moja, zikianza Ijumaa jioni na kupona Jumamosi. Kila mtu alimpa pole mwenzake, hakuna aliyeomba kuona cheti cha maabara.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtu aliyechanja, akaumwa usiku mmoja, akapona, alikuwa na ushahidi bora kuliko bango lolote la "Ujanja Kuchanja". Lakini alikaa nao kifuani. Aliyepata tatizo, au aliyemjua mtu aliyepata tatizo, au aliyesikia kwamba kuna mtu anayemjua mtu, yeye alisema kwa sauti, kila siku, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp. Video za watu wanaobandika sarafu begani zikashikilia zilisambaa hadi vijijini. Wanaume waliambiwa nguvu zitakwisha, wanawake waliambiwa hawatazaa, na wote waliambiwa wana miaka miwili tu. Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa Mbunge wa Kawe, aliwaonya waumini wake madhabahuni, na Bunge likaja kumsimamisha. Watu wakasema amezibwa mdomo, wakamsikiliza zaidi. Habari za kweli zenye mashaka, kama kuganda kwa damu kulikotokea kwa watu wachache sana kati ya waliopata chanjo za aina ya Janssen na AstraZeneca, zilichanganywa na uzushi kwenye chungu kimoja. Ya kweli ikapoteza kipimo chake, ya uongo ikapata heshima.

Kulikuwa pia na uongo wa upande wa pili. Safari, kazi na baadhi ya vyuo vya nje vilipoanza kudai cheti, wapo waliotafuta cheti bila sindano. Kwa hiyo mtaani tulikuwa na waliochanja wanaosema hawakuchanja, na wasiochanja wenye karatasi inayosema walichanja.

Kilichowatoa watu majumbani mara nyingi hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa safari. Mwaka 2022 Saudi Arabia iliporuhusu tena mahujaji wa kutoka nje, kwa jumla ya mahujaji milioni moja, iliweka masharti, yakiwamo haya mawili: uwe umechanja kikamilifu, na uwe chini ya miaka 65. Mjomba wangu aliyeiita chanjo "mambo ya Dajali" alikuwa wa kwanza kwenye foleni Magomeni. Hakubadili maoni yake kuhusu Dajali. Alisema tu kwamba Makka ni kubwa kuliko Dajali. Swahiba wake aliyedunduliza pesa naye kwa miaka alikuwa amevuka umri, akabaki. Huyo hakuchanja mpaka mwisho, na sijawahi kumlaumu.

Kwa majirani zetu Kenya ugumu ulikuwa wa namna nyingine. Wao walianza mapema, Machi 5, 2021, kwa dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca, na Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, Dkt. Patrick Amoth, akawa wa kwanza kuchanjwa, katika Hospitali ya Kenyatta. Kisha India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikabana usafirishaji kwa sababu ya mlipuko wake yenyewe, na waliopata dozi ya kwanza wakaambiwa wasubiri wiki kumi na mbili badala ya nane. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa akipiga simu kituoni kila Jumatatu kama anayedai mkopo. Uingereza ilichangia dozi kwa Kenya, halafu kwa muda ikakataa kuwatambua wasafiri waliochanjiwa huko. Novemba Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba asiyechanja atanyimwa huduma za serikali kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Mkenya aligombana na serikali yake hadharani kuhusu chanjo. Sisi tuligombana nayo moyoni.

Kisha ikaja dozi ya nyongeza, nayo ilikuta uaminifu umechakaa. Mwaka 2021 tuliambiwa Janssen ni sindano moja tu, umemaliza. Ilikuwa sifa yake kubwa: huhitaji kurudi, na hukaa salama kwenye friji ya kawaida ya zahanati. Kirusi cha Omicron kilipogunduliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, na ikaonekana kinga hupungua kadiri miezi inavyopita, tukaitwa tena. Kisayansi hakuna la ajabu hapo. Pepopunda nayo ina dozi za kurudia. Ila mtaani swali lilikuwa fupi: si mlisema moja? Nilichanja nyongeza ya Pfizer, na safari hii mkono ndio uliouma tu. Chumba kilikuwa kitupu. Tulikuwa mimi, mwanafunzi anayesubiri viza, na mama mwenye kisukari aliyeletwa na binti yake.

Kilichobadilisha mambo Tanzania ni pale chanjo ilipoacha kusubiri watu. Mwaka 2022 wahudumu wa afya walibeba maboksi ya ubaridi wakaenda sokoni, stendi, misikitini, makanisani, mashambani, nyumba kwa nyumba. Idadi ya waliochanja ikapanda kwa kasi. Wataalamu watasema ni kwa sababu ya ukaribu wa huduma, na ni kweli. Mimi naongeza jambo moja: ukichanjwa kwenye kibaraza cha jirani, mchana, siri haiwezekani. Mama ntilie anakuona, kesho anakuona tena ukinunua chapati, hujageuka zombi. Hilo halihitaji bango.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Wengi wetu tukaona jambo limekwisha. Halijakwisha. Tangu 2018 Tanzania huwachanja wasichana dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na kila kampeni ikija nasikia tena maneno yaleyale ya ugumba, kutoka kwa watu walewale, yakiwa yamebadilishwa jina la chanjo tu. Yamepata wapi nguvu? Tuliyaachia uwanja mwaka 2021.

Simwombi mtu amlazimishe mwenzake, wala amdhihaki mwenye hofu. Hofu ile ilikuwa na sababu, na viongozi ndio walioilea kabla ya kuikemea. Naomba jambo dogo zaidi. Kama ulichanja, sema. Sema ulichanja nini, uliumwa usiku mmoja au wiki, ulipona au bado una malalamiko. Msimulie kwa ukweli wote mzazi mwenzako anayesita kwenye geti la shule na fomu ya binti yake mkononi, maana yeye anaamua leo, na hadi sasa amesikia upande mmoja.