Kijitabu kilichobaki kwenye boksi: Kwa nini wanamuziki hawasomi maelekezo ya mitambo yao

KATIKA makanisa, kumbi za harusi na studio ndogo za Meru na Embu, kinanda kipya kinapotolewa kwenye boksi, kitu cha kwanza kutafutwa ni waya wa umeme. Kijitabu cha maelekezo husalia ndani ya boksi, na boksi lenyewe huishia darini.

Tabia hii haiko Kenya pekee. Mwaka 1983, kampuni ya Yamaha ya Japani ilipotoa kinanda cha DX7, kilichomwezesha mpigaji kujiundia sauti zake mwenyewe, wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani waliridhika na sauti 32 zilizotiwa kiwandani. Njia ya kuunda sauti mpya ilikuwa imeelezwa kitabuni, lakini ilikuwa ngumu, nao walikuwa na nyimbo za kurekodi.

Hata hivyo, kwa mwanamuziki wa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago, kutosoma kijitabu kuna uzito wake. Mtambo ukiungua, hakuna mwingine stoo. Mara nyingi umenunuliwa kwa mchango wa waumini, kwa mkopo wa chama au kwa fedha za mavuno ya chai, kahawa na miraa.

Kujifunza kwa kutazama

Sababu ya kwanza ni namna muziki wenyewe unavyofundishwa. Wapiga ngoma mashuhuri wa Chuka, katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, ambao hubana ngoma ndefu katikati ya mapaja huku wakicheza, hawakujifunza kitabuni. Kijana humtazama mzee, humwiga, hukosolewa, kisha huachiwa nafasi uwanjani.

Mpiga kinanda wa kanisa hupitia njia iyo hiyo. Huketi karibu na anayemtangulia, akatazama vidole vyake na vitufe anavyobonyeza. Tatizo ni kwamba hurithi ujuzi pamoja na makosa. Mwalimu ambaye hakuwahi kujua kazi ya kitufe fulani hawezi kumfunza mwanafunzi wake kazi hiyo.

Sababu ya pili ni lugha. Vijitabu vingi huandikwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kichina, Kijerumani na lugha nyinginezo za masoko makubwa. Ni nadra kukipata cha Kiswahili, sembuse cha Kimeru au Kiembu. Hata aliyefuzu vyema katika Kiingereza cha shule hukwama anapokutana na istilahi za ufundi wa sauti.

Tatu, vifaa vingi ni vya mtumba. Kikuza sauti kilichopitia mikono ya watu watatu kabla ya kufika dukani katika Barabara ya Luthuli, Nairobi, huwa kimeachana na kijitabu chake zamani. Hali kadhalika, programu ya kurekodi iliyonakiliwa kutoka tarakilishi ya rafiki haiji na maelezo wala msaada wa mtengenezaji.

Ukurasa unaookoa mtambo

Kurasa za mwanzo za kijitabu, zile zenye maonyo ambazo kila mtu huziruka, ndizo zenye faida kubwa zaidi kwa mfuko wa mwanamuziki.

Mathalani, umeme wa Kenya ni wa volti 240. Ule wa Marekani ni wa volti 120, na wa Japani ni wa volti 100. Ndugu aliye Marekani akituma kikuza sauti kilichotengenezewa soko la huko, nacho kikachomekwa moja kwa moja ukutani, huenda kikaungua mara moja.

Vifaa vingine hupokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila tatizo. Vingine vina swichi ndogo nyuma ya kuchagulia volti, na vingine vinahitaji transfoma. Tofauti hiyo huandikwa kwenye kijitabu na kwenye kibandiko kilicho nyuma ya mtambo. Ni jambo la kusikitisha kwamba Embu, eneo linalopakana na mabwawa ya Mto Tana likiwemo la Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, bado hupoteza mitambo kwa kosa la kutosoma mstari mmoja kuhusu umeme huo.

Onyo la pili linahusu spika. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, mzigo unaokikabili kikuza sauti huwa omu 4. Zikiwa nne, mzigo hushuka hadi omu 2. Ikiwa kijitabu kinasema kikuza sauti kisipewe mzigo wa chini ya omu 4, basi kuongeza spika ili harusi isikike kijiji cha pili ni kukichoma polepole.

Kipaza sauti 'kibovu'

Kosa lingine hutokea studioni. Vipaza sauti vya aina ya kondensa huhitaji umeme mdogo wa volti 48 unaopitia kwenye waya wake. Umeme huo huwashwa kwa kitufe kilichoko kwenye mashine ya kuchanganyia sauti. Asiyejua hilo hukichomeka kipaza sauti, akaimba, asisikie kitu, kisha akadhani ameuziwa kibovu.

Kwa upande wa programu za kurekodia, malalamiko ya kawaida ni kwamba sauti ya mwimbaji humrudia masikioni ikiwa imechelewa. Hapo wengi hulaumu tarakilishi. Kumbe kuna kipimo kinachoamua tarakilishi ikusanye sampuli ngapi za sauti kabla ya kuzipitisha. Kikiwa 1,024, katika kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hatua hiyo pekee huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 23. Kikishushwa hadi 128, ucheleweshaji hupungua hadi karibu milisekunde 3, ambazo sikio halizitambui kwa urahisi.

Kuna pia kitendawili cha wimbo unaobadilika ufunguo. Wimbo uliorekodiwa kwa sampuli 44,100 ukichezwa kana kwamba ni wa sampuli 48,000, huenda mbio na kupanda kwa karibu nusutoni moja na nusu. Wimbo wa dakika nne humalizika kwa takriban dakika tatu na sekunde 40, na mwimbaji husikika kama mtoto. Kinachohitajika ni kulinganisha vipimo viwili tu.

Mambo haya yana uzito zaidi siku hizi. Vituo vya redio kama Muuga FM kinachotangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kinachotangaza kwa Kiembu vimewapa wanamuziki wa eneo hili jukwaa la lugha zao. Aidha, tarakilishi za bei nafuu zimemwezesha msanii kurekodi karibu na kwao bila kulazimika kusafiri hadi River Road, Nairobi. Lakini wimbo uliorekodiwa huku taa nyekundu ikiwaka, yaani sauti ikiwa imepita kiwango, huwa umekwaruzika kwa namna ambayo ni vigumu sana kuirekebisha. Wimbo huo ukipelekwa redioni, bidii yote ya mtunzi huishia hapo.

Wanaokaidi kijitabu

Pamoja na hayo, kuna upande wa pili wa sarafu. Baadhi ya sauti mpya za muziki zilizaliwa na watu waliokitumia kifaa kinyume cha makusudi ya mtengenezaji.

Mapema miaka ya 1980, kampuni ya Roland ilitengeneza kifaa cha TB-303 ili kishike nafasi ya mpiga gitaa la besi. Hakikuuzika, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 1984. Vijana wa Chicago walikipata kwa bei ya mtumba, wakavizungusha vitufe vyake wimbo ukiendelea, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa "Acid Tracks", wimbo ulioanzisha mtindo mpya wa dansi.

Vivyo hivyo, programu ya Auto-Tune ya mwaka 1997 ilinuiwa kurekebisha sauti bila msikilizaji kugundua. Katika wimbo "Believe" wa Cher mwaka 1998, urekebishaji ulisukumwa hadi sauti ikawa kama ya roboti. Leo ni vigumu kuwasha redio yoyote Afrika Mashariki bila kuisikia athari hiyo.

Hata hivyo, mifano hii haimpi mtu ruhusa ya kupuuza kila kitu. Kuzungusha vitufe vya sauti ovyo huweza kuzaa mtindo mpya. Kukosea volti huzaa moshi.

La kufanya

Si lazima mwanamuziki asome kurasa 200 kabla ya kugusa kinanda. Kwanza, asome maonyo ya umeme na uunganishaji kabla ya kuchomeka chochote. Pili, akitumie kifaa kwa wiki kadhaa, kisha akirudie kijitabu akiwa na maswali yake mwenyewe. Kurasa zilizokuwa fumbo zitaanza kuleta maana.

Aliyenunua mtumba asikate tamaa. Kampuni nyingi kubwa huweka vijitabu vyao kwenye tovuti zao bila malipo, hata vya mitambo ya zamani. Kinachohitajika ni nambari ya modeli iliyoandikwa nyuma ya kifaa.

Makwaya na bendi nazo zinaweza kumteua mmoja wao anayemudu Kiingereza cha ufundi, asome na kuwafafanulia wenzake kwa lugha wanayoielewa, kisha kurasa muhimu zibandikwe ukutani karibu na mtambo. Huko bado ni kujifunza kwa kumtazama mwenzako, ila safari hii mwenzako amesoma. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.