Mchungaji wa Runingani na Kanzu ya Nyanya

Muhula huu tuliruhusiwa kutazama tamthilia mpya bwaloni Jumamosi moja, baada ya jua kutua ili hata wenzetu Wasabato wapate kuja. Tuliingojea kwa hamu kubwa. Jamani, mimi nilitoka nimevunjika moyo!

Mkristo wa kwanza kuonekana alikuwa mchungaji wa suti ya kumetameta anayeuza maji ya baraka. Wa pili, mama anayesali huku akisengenya majirani. Wa tatu alivaa kanzu ya rangi na rozari shingoni. Huyo hakupewa neno hata moja la kusema. Kazi yake ilikuwa kuanguka na kupiga mayowe ili tucheke. Nasi tukacheka. Rafiki yangu mmoja aliinuka akatoka, kwa sababu nyanya yake huvaa kanzu kama ile.

Kwa wasiojua, mavazi hayo ni ya Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki huku kwetu Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiongozi wao, Simeo Ondetto, alifariki mwaka wa 1991, na Got Kwer, hapa hapa Migori, waumini huenda kuhiji. Rangi za kanzu zina maana kwao, wala si mapambo. Katika sala zao bado husikika Kilatini. Sasa mtu kama huyo anakosaje neno la kusema?

Nimejaribu kuelewa kwa nini waandishi hufanya hivi. Kipindi ni kifupi, na vazi husema haraka kuliko mazungumzo: suti ya kumetameta, tapeli, kitambaa kichwani, mnafiki. Halafu kuna habari zenyewe. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa. Baada ya hayo, nani atamwambia mwandishi asiwaguse wahubiri? Siyo mimi.

Tena kuwakosoa Wakristo jukwaani hakukuanza jana. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya hivyo mwaka wa 1977 katika tamthilia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Tajiri Kioi anamhimiza maskini Kĩgũũnda afunge ndoa kanisani, na mwisho wake shamba la Kĩgũũnda linapotea. Pale dini ya Kioi ina kazi katika kisa: tunaona mkopo, tunaona hati ya shamba. Mtazamaji anajua hasa anachokasirikia. Katika hii yetu mpya, ukimvua yule mtu kanzu, kisa hakipungukiwi na chochote.

Na ajabu ni kwamba mambo ya kuandika yamejaa tele. Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na hadi leo Jumamosi kuna nyumba nyingi huku ambazo hazipiki wala haziuzi. Kijana wa nyumba hiyo akiitwa kucheza fainali ya kandanda Jumamosi mchana afanyeje? Hapo pana tamthilia, na hakuna tapeli hata mmoja.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wanasema nimelichukulia jambo hili kwa uzito mno, ati ni mchezo tu. Huenda. Lakini sehemu ya pili ilipoonyeshwa, rafiki yangu alibaki darasani akifanya hesabu.