Faiba Haiozi, Boti Inaoza

Ko, ko, ko, du. Fundi alirudi nyuma hatua moja, akagonga tena sitaha kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, du. Tulikuwa ufukweni Kigamboni, jua limeshawaka, na boti yenyewe ilikuwa kuukuu, ya faiba, imepakwa rangi mpya ya buluu. Mwenye boti alikuwa amekunja uso.

"Fundi, si faiba hii? Faiba nayo inaoza?"

"Faiba ni koti tu, mzee wangu. Mwili uko ndani."

Akawasha drili, akaizamisha kwenye ubao wa tezi, ule unaobeba injini. Kwanza ukatoka unga mweupe. Kisha, pale tulipotazamia maranda makavu, ukatoka uji mweusi wenye harufu ya uyoga. Likafuata tone la maji, la pili, halafu mchirizi mwembamba ambao haukuwa na haraka ya kwisha. Boti ilikuwa nchi kavu kwa majuma matatu.

Boti nyingi za faiba za zamani zina mbao tumboni: mihimili ya chini ya sakafu inayotoka omo hadi tezi, ubao wa injini, na sitaha yenye ngozi mbili za faiba zilizobana plaiwudi au balsa katikati. Ngozi mbili nyembamba zikitenganishwa hivyo huwa ngumu kupinda kuliko ngozi moja nene. Kilicho katikati kikigeuka uji, ngozi hizo haziwezi tena kusaidiana, na sitaha huanza kubonyea chini ya unyayo.

Sasa je, wajua kwamba maji yanayoozesha mbao hizo kwa kawaida si ya bahari? Ni ya mvua. Wanaokula mbao ni kuvu, na kuvu hao hawapendi chumvi. Waunda meli wa Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakishindilia chumvi katikati ya mataruma, yaani mbavu, za merikebu ili mbao zisioze. Mabaharia wetu nao wamekuwa wakipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya samaki yanayonuka hadi mtaa wa pili, yakizuia mbao isinywe maji ovyo. Mvua haina chumvi. Inaingia kwenye tundu la skrubu iliyolegea, inateremka polepole, inatulia. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi maji ya mvua nayo yana tabia hiyohiyo, na ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, ndiko mihimili iliko.

Kuvu wanahitaji vitu vinne: chakula, joto, hewa na unyevu. Chakula ni mbao yenyewe. Joto la pwani yetu linawafaa mwaka mzima. Hewa kidogo inawatosha. Umebaki unyevu tu, na hapo ndipo pa kupigania, kwa sababu mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake ikiwa kavu haiozi, hata kama mbegu za kuvu zimejaa juu yake. Ikizidi sana maji pia haiozi kwa kuvu hawa, kwani hewa inakosa njia. Meli ya kivita Vasa ya Sweden ilizama mwaka 1628 ikaopolewa mwaka 1961, na mbao zake bado zilishikana. Balaa ni pale katikati: si kavu, si iliyozama. Mbao iliyofungiwa ndani ya faiba hukaa hapohapo miaka na miaka. Jahazi hulowa likakauka, kwa kuwa mbao zake zinapumua. Mbao ya ndani ya faiba ikilowa, imelowa.

Kwa hiyo anayejenga upya mifupa ya boti asianze na dawa. Aanze na matundu.

Kila bolti, kila skrubu ya kiti, kila tundu la waya ni mlango. Namna ya kuufunga ni hii: bolti ikiwa ya milimita 8, toboa tundu la milimita 12 au zaidi. Ziba upande wa chini kwa utepe, jaza rezini ya epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, iache ikauke kabisa, ndipo utoboe tena milimita 8 katikati yake. Bolti sasa inapita ndani ya bomba la epoksi, haigusani na mbao hata kidogo. Mpira wa kuzibia ukichoka baada ya miaka, maji yatapita tundu hilo na kudondoka chini bila kukuta cha kuozesha. Kazi hii inachosha na haionekani, ndiyo maana mafundi wengi huiruka.

Mlango wa pili ni kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokatia. Mbao hunywa maji zaidi kwa kichwa kuliko kwa ubavu, na plaiwudi ina vichwa pande zote nne. Ipake epoksi nyepesi, subiri inywe, ongeza, hadi ikatae.

Na saa ya kupaka ina maana. Hewa iliyomo ndani ya mbao hutanuka ikipata joto. Ukipaka asubuhi, jua linavyopanda hewa hiyo hutoka na kuacha viputo kwenye epoksi, kila kiputo tundu la sindano. Subiri alasiri. Mbao inapoanza kupoa, hewa hujikunja na kuivuta epoksi ndani. Mbao ileile, epoksi ileile, tofauti ni saa sita tu.

Lakini usifungie mbao mbichi. Bandika kipande cha nailoni juu yake, ziba kingo kwa utepe, acha hadi kesho. Ukikuta umande chini ya nailoni, bado. Wala usibadilishe epoksi kwa poliesta: rezini hiyo ya bei nafuu hushika mbao shingo upande, na baada ya muda huachia. Kwa faiba juu ya faiba inatosha. Kwa mbao, nunua epoksi hata kama bei inauma.

Linaloniudhi zaidi ni neno "plaiwudi ya majini". Watu hudhani haiozi. Kinachohimili maji ni gundi yake. Mbao ya ndani mara nyingi ni okoume ya Gabon, laini, nyepesi, na kuvu wanaila vizuri tu.

Naona uchungu pia kwa yale magamba ya boti yaliyotupwa kwenye fukwe zetu, yamejaa mchanga na chupa. Faiba yenyewe ingali nzima, kwani boti nyingi za zamani zilijengwa nene. Kilichokufa ni mbao za laki chache. Kuyachoma ni kosa: moshi wake ni sumu, na nyuzi za kioo haziungui, zinabaki mchangani zikingoja miguu ya watoto. Vijiji vyenye mafundi wa majahazi wanaojua taruma na mkuku kwa kugusa vinawaacha vijana wao bila kazi, wakati kuna mifupa ya boti tele ya kujengwa upya.



Mvua za masika zikikaribia, iweke boti yako omo ikiwa juu, chomoa kizibo cha tezi, na fungua vifuniko vyote vya sitaha siku za jua. Kizibo chenyewe kitundike kwenye ufunguo wa injini, usije ukashusha boti majini bila hicho.