Chaki ya Presha: Kuifunga na Kuitumia Bila Kuumia



Karatasi hii ni kwa ajili yako wewe uliyejifunza kukereza vyuma kwa mashine yenye chaki ya mkono, na sasa umepata kazi, au unatafuta kazi, katika karakana za Mbarara, Jinja au Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, na mkerezaji mzuri hakai muda mrefu bila kuitwa. Lakini katika viwanda vikubwa utakuta chaki ya namna nyingine, ambayo haina ufunguo wa kukazia.

Wenzetu waliojifunza kazi kwa Kifaransa huko Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, kwenye karakana za migodi na za reli, wamezoea kuiita mashine yenyewe turi, na kishikio chake mandreni. Hapa utasikia lezi na chaki. Ni vitu vilevile. Tutasema chaki, kwa sababu ndilo jina utakaloambiwa kazini.

TOFAUTI IKO WAPI?

Chaki ya mkono unaikaza kwa ufunguo. Ukimaliza unatoa ufunguo (na ole wako ukiusahau pale), kisha unawasha mashine. Umeme ukikatika, taya zinabaki zimekaza vilevile. Hata ukirudi baada ya wiki utakuta kipande kimeshikwa, kwa sababu nyuzi za ndani ya chaki haziwezi kusukumwa nyuma na taya.

Chaki ya presha haifanyi hivyo. Hapo kinachoshika kipande ni presha ya mafuta au ya hewa, dakika kwa dakika, muda wote unapokata. Presha ikipungua, mshiko unapungua. Presha ikipotea huku shafti bado inazunguka, kipande kinaweza kuruka. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, au karakana inapoendeshwa kwa jenereta, anahitaji kuijua chaki hii vizuri kuliko fundi wa Ulaya ambaye umeme wake haukatiki.

IMETENGENEZWAJE?

Kuna sehemu tatu. Mbele, kwenye pua ya shafti kuu, kuna chaki yenye taya, mara nyingi tatu. Nyuma kabisa, upande wa pili wa shafti, kuna silinda yenye pistoni ndani, nayo huzunguka pamoja na shafti. Kati ya hizo mbili linapita bomba la kuvuta, ndani ya tundu la shafti. Unapokanyaga pedeli, mafuta au hewa husukuma pistoni, pistoni huvuta bomba, na bomba huvuta kabari iliyo ndani ya chaki. Kabari hiyo ndiyo inayozisukuma taya zije katikati.

Taya husogea kidogo tu, milimita chache. Usidanganyike kwa udogo huo. Chaki ya kipenyo cha milimita 200 inayoendeshwa kwa mafuta inaweza kubana kwa nguvu ya tani kadhaa, na inafanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Kidole kilichokaa kati ya taya na chuma hakina la kusema. Shika kipande kwa nje, mbali na taya, na kama ni kifupi kiasi kwamba vidole vitaingia mle ndani, tumia kijiti cha mbao kukisukuma. Mguu uweke kwenye pedeli baada ya mkono kuwa mahali salama, si kabla. Pedeli yenyewe iwe na kifuniko juu yake ili mtu asiikanyage kwa bahati mbaya au kitu kisiiangukie.

KUIFUNGA KWENYE MASHINE

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, wala haifanywi na aliyeanza kazi jana. Lakini utaitwa kusaidia, kwa hiyo jua mpangilio wake.

Kwanza umeme uzimwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ukae mfukoni mwa yule ambaye mikono yake iko ndani ya mashine. Presha itolewe yote. Silinda ya nyuma hufungwa kwanza, kisha bomba la kuvuta, na chaki huja mwisho.

Chaki ya milimita 250 huzidi kilo 30. Usiibebe kifuani. Ina tundu lenye nyuzi la kufungia bolti yenye kitanzi. Pitisha hapo mnyororo wa winchi, na chini yake laza ubao juu ya reli za mashine ili chaki ikiteleza isivunje reli wala mguu. Ukimaliza kuifunga, toa ile bolti ya kitanzi. Ikisahaulika, itazunguka pamoja na chaki kama nyundo.

Pua ya shafti na mgongo wa chaki vifutwe mpaka viwe safi kabisa. Chembe moja ya chuma ikibaki katikati, chaki itakaa upande, itayumba, na kila kipande utakachokereza kitakuwa na kasoro. Bomba la kuvuta lizungushwe ndani ya nyuzi za chaki mpaka lifike mwisho kama kitabu cha mashine kinavyoonyesha. Likishikwa na nyuzi mbili au tatu tu, siku moja zitakatika katikati ya kazi na taya zitaachia. Kisha kaza bolti kwa kukingamisha, moja ya huku na nyingine ya kule, kidogo kidogo, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Usizidishe nguvu kwa kuongeza urefu wa spana kwa bomba, kama tulivyozoea kufanya kwenye malori.

Weka geji ya saa kwenye ukingo wa chaki na uizungushe taratibu kwa mkono. Ikiyumba zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, ifungue, isafishe, anza upya. Baada ya hapo funga na fungua taya mara kadhaa mashine ikiwa imesimama, ukiangalia kama zinasogea mwendo wake wote. Halafu ndipo uizungushe kwa mwendo wa chini, mlango ukiwa umefungwa, na wewe ukiwa umesimama pembeni, si mbele ya chaki.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye silinda ya mafuta. Mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi lazima uteremke bila kupinda juu popote. Ukipanda, mafuta yatajaa nyuma na kuanza kuvuja, na watu wataanza kulaumu sili ambazo hazina kosa.

TAYA

Taya za juu hufungwa kwa bolti mbili kila moja, zikiingia kwenye nati za umbo la T. Bolti zote mbili zifungwe. Kuna mafundi wanaofunga moja kwa kuokoa muda; usiwafuate. Nati ya T isitokeze nje ya taya ya chini, na taya zote tatu zikae kwenye alama ileile, la sivyo kipande kitakaa upande.

Taya laini, zile unazozikereza mwenyewe zifuate umbo la kipande, zikerezwe zikiwa zimebana pete ya chuma, na kwa presha ileile utakayotumia kazini. Ukizikereza zikiwa wazi, zitashika kipande kwenye ncha tu.

MWENDO NA MSHIKO

Hapa ndipo hata mafundi wazoefu huteleza. Umewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono? Maji hukimbilia nje. Taya nazo zina uzito, na chaki ikizunguka zinataka kukimbilia nje, yaani zinataka kufunguka. Na nguvu hiyo haipandi sawasawa na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chaki inabana kwa tani 8 ikiwa imesimama. Tuseme kwa mizunguko 1,000 kwa dakika inapoteza tani 1, zinabaki 7. Kwa mizunguko 2,000 itapoteza tani 4, zinabaki 4. Kwa mizunguko 2,800 itapoteza karibu tani 8, na hapo huna chaki tena, una kipande kinachozunguka kwa mazoea. Presha kwenye geji wakati huo bado inasoma vilevile. Geji haikuonyi.

Kwenye uso wa chaki au kwenye kibao chake pameandikwa mwendo wa juu kabisa na presha ya juu kabisa. Mwendo huo ni kwa taya zilizotoka kiwandani. Ukifunga taya ndefu au nzito zaidi, au ukizisogeza zikatokeza karibu na ukingo wa chaki, mwendo huo haukuhusu tena, ushushe. Vilevile, ukipunguza presha ili usibonyeze bomba jembamba, punguza na mwendo. Bosi akitaka vipande vingi zaidi kwa saa, mwonyeshe kibao.

Grisi nayo ni sehemu ya mshiko. Ndani ya chaki kabari inasuguana na chuma kwa chuma. Pakikauka, nguvu ya silinda huishia kwenye msuguano badala ya kufika kwenye taya. Chaki kavu inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake bila dalili yoyote kwa nje. Pampu grisi kila siku ya kazi, na zaidi kama unatumia maji ya kupozea kwa wingi, kwa sababu yanaiosha. Tumia grisi ya chaki, si ile ya beringi za gari.

UMEME UKIKATIKA

Silinda nzuri ina vali ya kuzuia mafuta au hewa isirudi. Umeme ukizimika, pampu inasimama, lakini vali inafungia presha ndani ya silinda kwa muda wa kutosha shafti ipunguze mwendo na kusimama. Kwa hiyo uhai wako uko kwenye vali ndogo ambayo huioni. Ipime.

Kuipima si kazi ngumu. Mashine ikiwa imesimama, shika kipande chepesi, weka kipande cha mbao chini yake, kisha zima pampu. Subiri dakika chache. Usiangalie geji ya pampu, maana hiyo itashuka tu. Iko upande wa pili wa vali. Jaribu kipande chenyewe: kishike mbali na taya, kivute, kitikise. Kikilegea, vali inavuja, na mashine hiyo isizungushwe mpaka itengenezwe. Fanya hivyo kila wiki, na kila mara unapokabidhiwa mashine usiyoifahamu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango kuangalia. Rudi nyuma, ondoka mbele ya chaki, ngoja shafti isimame kabisa. Umeme ukirudi, usibonyeze kitufe cha kuwasha uendelee pale ulipoachia. Kipande kinaweza kuwa kimelegea kidogo au kimekaa upande. Sogeza kisu mbali, kifungue kipande, kikaze upya, ndipo uanze. Na kama karakana iko kwenye jenereta, atakayeizima ili aongeze mafuta apige kelele kwanza na asubiri jibu.

Mashine iliyotengenezwa vizuri hukataa kuzunguka kama presha haijafika, au kama mlango uko wazi. Utakuta mahali swichi hiyo imefungwa kwa waya ili isisumbue. Usiiache hivyo, na usikubali kufanya kazi hapo. Angalia pia swichi ya kuchagua kubana kwa nje au kwa ndani: ikiwa imewekwa kinyume, mashine inaweza kuhesabu chaki iliyofunguka kuwa imefungwa.

Wakati wa kutoka jioni, toa kipande kwenye chaki. Usikiache kimebanwa usiku kucha. Presha ikiisha polepole, kitamwangukia atakayefika asubuhi.

MENGINE KWA KIFUPI

Chuma kirefu kisitokeze nje nyuma ya silinda bila bomba la kukiongoza. Kikizunguka kwa kasi kitajipinda na kuwa fimbo inayopiga kila kilicho karibu. Usivae glovu mashine ikizunguka, wala mikono mirefu ya shati, mkufu, au kitambaa cha kichwani chenye ncha zinazoning'inia. Mabaki ya chuma yaondolewe kwa kulabu, mashine ikiwa imesimama.

UKIUMIA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye mashine hatari. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Usinyamaze kwa kuogopa kupoteza kazi au kwa kufikiri mgeni hana haki. Mwambie mwajiri siku hiyohiyo, mbele ya mtu mwingine, na uombe cheti cha daktari. Andika tarehe, saa, mashine ipi, na nani aliona. Kisha lete karatasi hizo kwenye ofisi ya ushauri wa sheria hapa makazini, pamoja na kitambulisho chako.